Kinywa Kilichojaa Watoto

"Watoto wanne, na wewe mjane peke yako, utawalisha nini?" jirani alimuuliza Benadetha baada ya mazishi ya mumewe. Swali hilo lilimvunja nguvu, akawaacha mashemeji wagawane watoto.

Leo aliwaongoza wageni kupiga picha ufukweni mwa ziwa, kijijini Lipingo, kwenye mazalia ya samaki yanayolindwa na kijiji. Kwenye maji maangavu, kambale alipopita akiwinda, samaki wa buluu alipanua kinywa. Vifaranga wake, wadogo kama punje za ulezi, wakaingia wote kujificha.

"Ee Mungu, umeumba!" Benadetha alinong'ona.

"Sasa huyu mama atakula nini, mdomo umejaa watoto?" mgeni aliuliza.

"Hali kitu, baba. Anavumilia nao."

Benadetha akajifunga khanga kiunoni, akashika njia ya kwa mashemeji kuwafuata wanawe.