Chuo Mgongoni mwa Kasa

Enzi hizo samaki walikuwa wabishi kuliko walivyo leo. Kasa alirudi kutoka safari za mbali akiijua mikondo yote ya bahari, akaomba chuo, apate kuwafundisha watoto wa pwani zote kabla hajazeeka.

"Kijengwe pangoni kwangu," alisema Chewa, mwenye majivuno. "Kwa Kaa wanangu hawaendi. Yule ni mtu wa matopeni."

"Na wangu wakija kwako, watarudi?" aliuliza Kaa.

"Watarudi wamehitimu," alijibu Chewa, akilamba midomo.

Ubishi haukwisha. Kasa akachoka, akasema, "Basi watoto wapande mgongoni kwangu. Chuo kitapita kwa kila mmoja wenu."

Wakapanda, na masomo yakanoga. Kasa alifurahi hata akasahau kwamba ana mayai tumboni. Uchungu ukamshika katikati ya somo la mikondo, miguu ikampeleka yenyewe ufukweni, na wanafunzi wote mgongoni.

"Mwalimu, mbona maji yamekwisha?" walilia watoto wa Chewa, wakitapatapa mchangani.

Kasa aliona haya, lakini yai likishaanza kutoka halirudi. Chewa akabaki majini akipiga mayowe: "Kaa! Ndugu yangu Kaa! Niokolee wanangu!"

Kaa na jamaa zake wakatoka mbio, wakawaburura watoto hadi kwenye dimbwi lao la matope. Wote wakapona.

Maji yalipojaa, Kasa alimkuta Chewa kando ya dimbwi, amenywea.

"Mwalimu, chuo kijengwe hapa hapa," alisema. "Nimewaita wanangu mpaka sauti imekauka. Hawataki kutoka."

Kasa hakutaka hata kupumzika. Aliingia dimbwini, akaendelea na somo pale pale alipoliachia.