Maji ya Kioo

Kila Jumapili mume wa Hannah aliisugua boneti ya gari lao mpaka ikang'aa, lakini chupa ya maji ya kuoshea kioo hakuijaza hata siku moja. Eti hiyo ni kazi ya makanika.

Asubuhi moja, kwenye Barabara ya Ngong, lori liliwarushia tope likafunika kioo chote. Mume, aliyekuwa akiendesha, akabonyeza kitufe cha maji, halikutoka hata tone. Waipa zikalisambaza tope. Gari likapanda ukingoni, almanusura limgonge mama muuza mahindi, likasimama.

"Nipe kitambaa chako cha kichwa nipanguse," mume alisema.

Hannah alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akasonya. "Na hiyo tai inafanya kazi gani?"

Mume aliposhuka na kuinama kupangusa kioo kwa tai, Hannah alisogea kwenye usukani, akafunga mlango.

"Ukimaliza, mzee, utakaa nyuma."