Jina la Kinanda cha Pili

"Dada Tekla, kompyuta imekukataa," alisema fundi Semboja, na kwaya ikacheka. Vinanda viwili vya aina moja vilikuwa mezani, lakini kila Tekla alipobonyeza chake, ilisikika filimbi iliyopangiwa kinanda cha Yona, mpigaji mwenzake. "Tutarekodi na cha Yona tu. Wewe kaimbe."

Besi, ile sauti nzito ya chini ya wimbo waliotaka kurekodi, aliitunga Tekla mwenyewe.

"Naomba dakika tano, fundi."

"Mbili."

Alichomoa nyaya zote. Akachomeka kinanda cha Yona, akasubiri kompyuta ikitambue, ndipo akachomeka chake. Kosa likajionyesha kwenye skrini: vyote viwili vilibeba jina lile lile la kiwandani, na programu ilivihesabu kuwa kimoja. Kwenye nafasi ya kinanda cha pili akalifuta jina hilo na kuandika, herufi baada ya herufi, TEKLA. Kisha akakipangia besi.

Hakumtazama mtu. Alibonyeza noti ya chini kabisa, na vioo vya madirisha vikaanza kutetemeka. Semboja alikuwa bado ameikodolea macho saa yake. Tekla hakukiinua kidole kutoka kwenye noti ile.