Kuna Mkono wa Mtu Kwenye Pampu

Gari la tatu lilirudi gereji likitoa moshi mweusi, na Fundi Sikio akajua kuna mkono wa mtu.

Pampu ya mafuta ya gari lile aliitegesha mwenyewe. Aliipandishia umeme kidogo kidogo hadi ikatoa ule mlio mwembamba anaoujua kuliko sauti ya mkewe. Ndiyo maana wakamwita Sikio. Geji ya presha aliwaachia wenye wasiwasi, kama mdogo wake.

"Presha imepita kiasi!" alifoka mwenye gari. "Linakunywa petroli utadhani lina minyoo!"

Sikio alimgeukia mdogo wake. "Nani kapandisha umeme baada yangu?"

Mdogo wake akainamisha kichwa, akanong'ona kitu. Siku hizi huyu kila neno lake ni la kunong'ona.

Na laiti angekuwa peke yake. Mkewe Sikio naye kaanza mtindo huo huo. Jana aliwakuta sebuleni, mke na huyu mdogo wake, wamekaa kichwa kwa kichwa wanateta, walipomwona, kimya. Damu ilimchemka. Gereji ni urithi wao wawili, na sasa ndugu wa tumbo moja anamchafulia jina ili abaki nayo peke yake. Mke naye yumo!

Basi akampigia mkewe simu aje mara moja. Alitaka kuwaumbua wote wawili mbele ya mteja, kisha agawane spana na mdogo wake, kila mtu ashike njia yake.

Mkewe alipofika, Sikio aliitoa pampu, akaizamisha kwenye ndoo ya petroli na kuiunganisha na kisanduku cha kupimia. Bomba lilipita kwenye geji na kurudisha mafuta ndooni. Akazungusha kitufe cha kupandisha umeme. Akakizungusha tena, na tena. Mkewe akakunja uso. Mwenye gari akaziba masikio kwa viganja.

"Hapo! Mnasikia?" alisema Sikio, kifua mbele. "Hapo ndipo ninapoiacha mimi. Sasa semeni nani anakuja nyuma yangu!"

Mdogo wake hakubishana. Aliitazama geji, akashika kitufe, akakirudisha nyuma taratibu. Mlio ukafifia, ukakatika.

"Mmeona? Kaizima! Mchana kweupe, mbele ya mashahidi! Kaka yako nimekukosea nini?"

Hakusikia jibu. Sikio akainama kuivuta pampu, awaonyeshe ilivyokufa.

Petroli ilikuwa ikimiminika kutoka kwenye bomba, safi, kwa nguvu. Akainua macho. Midomo ya wote watatu ilikuwa ikicheza, wanamwambia kitu, na sauti hakuna.