Mlango Unataka Utulivu

Siku hizi mlango wa nyumba haukufungulii asubuhi mpaka uwe umelala masaa saba, au moyo wako utulie kabisa. Mimi sikupata hata lepe la usingizi. Mama yangu alikuwa amefariki.

"Zamda, toka basi!" kaka yangu Shomari aliita barazani. "Mama anatolewa adhuhuri."

"Mlango umekataa!"

"Pumua kama tulivyofundishwa. Usimfikirie mama."

Nikakaa sakafuni, nikapumua. Lakini kila nilipoiona kanga yake msumarini, taa ya mlangoni ilirudi nyekundu. Nikaikunja kanga nikaisukumia uvunguni. Nikajiambia aliyekufa ni mama wa watu, wala simjui. Nikarudia hivyo mpaka nikaamini.

Taa ikawa kijani.

Nilifika msibani jeneza likiwa bado ukumbini. Mama mdogo akanikumbatia, kifua chake kikitetemeka kwa kwikwi.

"Lia, mwanangu. Lia utue mzigo."

Nilisubiri machozi. Hayakuja.

"Poleni sana," nikajisikia nikimwambia. "Marehemu alikuwa mtu wenu wa karibu?"