Kibao cha Mlangoni

Kinyozi Shomvi alirudi kutoka barazani, umbea wa harusi ya jirani bado umemjaa mdomoni. Kibao kilikuwa palepale mlangoni pa kibanda chake: "Wan minit," yaani dakika moja tu. Bintiye Mwatumu ndiye aliyekiandika, mwaka ule alipoanza kufundishwa Kiingereza.

"Mmepishana na mwanao," alisema Bi Tabu, muuza vitumbua. "Kaja kukuaga, ndiyo anahamia ng'ambo. Nikataka nikuite, akakataa. 'Baba anarudi sasa hivi, kibao kimesema.' Saa nzima kakaa, Baba Mwatumu! Basi limeshaondoka naye."

Kwenye benchi palikuwa na maganda ya chungwa, na nusu ya chungwa lenyewe, kaachiwa yeye.

Shomvi alikitungua kibao, akakaa nacho mapajani.

"Kinyozi yupo?" mteja aliuliza.

"Anakuja," alijibu Shomvi.