Sufuria Mbili za Sista Korongo

Kwaru, kwaru! Usiku wa manane mwiko ulikuwa unalia jikoni kwenye shule ya misheni, na Mama Panya akajiuliza, nani tena huyo? Yeye alikuja kuiba konzi ya maharage kwa ajili ya mwanawe, maana Sista Korongo alitangaza kwamba watoto wasiolipa ada watakula mahindi matupu. Akachungulia, roho mkononi. Lo! Sista mwenyewe anachota maharage ya waliolipa, anayamimina kwenye sufuria ya wasiolipa!

"Mama Panya, umekuja kuiba?"

"Ndiyo, Sista. Na wewe?"

"Mimi pia. Amri ni ya mfadhili wetu, Bwana Kiboko. Lakini asubuhi niwafundishe watoto kwamba wote ni ndugu, halafu mchana niwatenge mezani? Akijua, atanifukuza."

Mama Panya akashika mwiko wa pili. "Hatajua, Sista. Hata baba watoto simwambii."